Kutoka Uru hadi Moshi mjini kwa baiskeli: shajara ya mradi wangu

Mwezi wa 6, mwanzoni

Mradi wenyewe ni huu. Kabla mvua za vuli hazijashika nataka niweze kushuka kutoka Uru, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mpaka Moshi mjini kwa zile njia za miguu za vihambani (mashamba ya migomba na kahawa ya Wachaga), sio barabara ya magari, nikiwa juu ya baiskeli mwanzo mwisho au karibu na mwisho. Basi. Sio mashindano na sio kupunguza mwili (ofisini wote wameshaamua ni kupunguza mwili, nimechoka kubisha). Hizo njia nimezipita kwa miguu tangu utoto, halafu mwaka jana nikiwa kwa shangazi nikaona kundi la wageni na gaidi wao (yaani mwongoza watalii), dada mmoja wa hapa hapa, wanateremka nazo, wanakata kona za kwenye migomba, wanavuka mfongo (mfereji wa maji) bila hata kuweka mguu chini, hao wamepotea. Shangazi akasema hawa wana wazimu. Mi nikaanza kuulizia bei ya baiskeli.

Kuendesha najua toka shule ya msingi ila ni kule kwa kwenda dukani na kurudi, njia imenyooka, unakaa kwenye siti unanyonga mpaka ufike. Hii ya mizizi, mawe na mteremko ni kazi nyingine kwa hiyo najihesabu sijui kitu.

Chombo ni mtumba, kimekuja na stika ya duka la Ujerumani, fremu ya alumini, magurudumu inchi 26, gia 21 yaani tatu mbele na saba nyuma, shokapu za mbele zinazobonyea kwa huruma tu, na breki za mpira zile zinazobana rimu. Laki mbili na themanini baada ya kuombana sana. Zipo zenye breki za diski za mafuta, nilivyotajiwa bei nikashukuru nikaondoka, na hata fundi alinambia hizo zikileta shida vipuri ni mpaka uagize mbali, hizi za mpira kila kijiwe wanazijua.

Fundi ni mzee mmoja mwenye kijiwe chini ya mwembe, ameshika baiskeli za Phoenix na Avon miaka na miaka. Nimefika, shikamoo babu, marahaba mwanangu, hii umeitoa wapi? Akaipindua magurudumu juu, akayazungusha huku kainamisha sikio, akairudisha chini, akabana breki ya mbele huku mkono mwingine umeshika shingo ya usukani, akawa anaisukuma mbele nyuma, mbele nyuma. Akasema shingo imelegea, beringi kavu, nyaya za breki zina kutu kwa ndani, shuka nayo hivi hivi Uru tuje tukuzike. Tukabadilisha nyaya na mipira ya breki, beringi zikasafishwa zikawekwa grisi.

Kuna kitu kimoja nilikua sikijui kabisa na nadhani wengi hawakijui. Baiskeli za Ujerumani na sehemu kubwa ya Ulaya breki ya mbele inakaa mkono wa kushoto. Sisi huku, sawa na Uingereza na Japani, ya mbele ni mkono wa kulia. Kwa hiyo mtu amezoea za kwetu maisha yake yote, ananunua mtumba wa Ulaya, siku anakutana na mteremko anabana akidhani ni ya nyuma kumbe ndio ya mbele, fulu, na yeye uzito wote uko mbele, hapo unaruka juu ya usukani. Babu akahamisha nyaya, kulia ikawa mbele, kazi ya muda mfupi tu na hakunidai hela ya ziada. Kagua hilo kabla hujakagua rangi.

Kofia ngumu nimepata ya mtumba pia, nimeikagua haina ufa. Glavu ni za bustani.

Mwezi wa 6, katikati

Sijagusa mlima bado. Yule dada gaidi nimempata (Moshi ndogo, shangazi anafahamiana na mama yake), nikamuomba anifundishe, swali lake la kwanza likawa uko tayari kuboeka? Nikamwambia niko tayari. Akanipeleka uwanja wa shule, tambarare kabisa, tumebeba chupa tupu za maji na fito. Namuita kocha, anacheka ila ndio hivyo.

Somo la kwanza kusimama. Sio kuendesha, kusimama juu ya pedeli. Siti inashushwa chini kabisa kwa ile klipu yake isije ikakusukuma matako, pedeli zote mbili zinakua usawa mmoja, yaani hakuna mguu uliozama, magoti yamelegea, makalio yanarudi nyuma kidogo kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda akakumbuka kitu, kifua kinashuka, viwiko vinafunguka nje. Uzito wote uko miguuni. Mikono inashika tu. Alikua ananipimia kwa kuniambia nichezeshe vidole vya mikono huku natembea, nikishindwa kuvichezesha maana yake nimejiegemeza kwenye usukani na hapo jiwe dogo tu litanigeuza tairi. Mapaja yaliwaka moto dakika ya pili. Sikujua kusimama ni mazoezi kiasi hiki.

Somo la pili breki, na hili ndio tumelala nalo. Kidole kimoja kila upande, cha shahada, vingine vyote vinabaki kwenye mshiko muda wote. Anaweka chupa, nakuja spidi, nikiifikia chupa nabana mpaka kusimama, tunaweka fito pale niliposimama. Kwanza breki ya nyuma peke yake: tairi linakwama, linaburuza, vumbi zuri la kupigia picha, na fito inaenda kuwekwa mbali kweli. Halafu ya mbele peke yake taratibu, fito ikarudi karibu sana. Halafu zote mbili na mwili umeshuka na kurudi nyuma, fito ikawa karibu kuliko zote. Sababu yenyewe rahisi, ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, tairi la mbele linabanwa ardhini ndio linapata mshiko, la nyuma linakua jepesi halina la kufanya zaidi ya kuburuza. Kwetu watoto tunafundishwa breki ya mbele usiiguse itakuua. Ni kweli itakuua kama unaibana yote kwa mara moja mikono imenyooka na uko juu ya siti, lakini ukiibana polepole ukiongeza, na mwili uko tayari, hiyo ndio breki yenyewe. Ya nyuma ni msaidizi.

Tumerudia hiyo ya chupa mpaka watoto waliokua wanacheza mpira wakaacha mpira wakawa wanashangilia fito.

Nikamsimulia babu fundi akaniambia zamani kulikua na baiskeli za breki ya kurudisha pedeli nyuma, hapo kwenye habu ya nyuma, hazina breki nyingine, na ukishuka nazo mlima mrefu habu inatoa moshi. Nikamwambia babu huo mchezo wa baiskeli za milimani ndivyo ulivyoanza. Vijana wa Marin County kule California walikua wanachukua baiskeli nzito za kizamani zenye breki hiyo hiyo, wanashuka nazo mlima, grisi ndani ya habu inaungua inaisha, ikabidi kila wakishuka wafungue habu wajaze grisi upya, na mteremko wao wakauita Repack kwa sababu ya hiyo kazi ya kujaza upya. Mashindano yao ya kwanza pale yalikua Oktoba 1976, mwaka uliofuata Joe Breeze akaanza kutengeneza fremu za kazi hiyo, na 1996 kule Atlanta mchezo ukaingia Olimpiki. Babu akasikiliza yote akasema kumbe wazungu walikua na shida zetu. Kisha akanidai elfu mbili ya kiraka.

Mwezi wa 6, mwishoni

Upepo wa matairi. Ubavuni mwa tairi imeandikwa PSI 40 mpaka 65 na vijana wa kujaza upepo wanakujazia mpaka ligonge kama jiwe, wanaona ndio heshima. Kwa mjini sawa. Kwenye mawe tairi gumu linaruka ruka halishiki kitu. Mi nina kilo 62, kocha akanishusha mpaka 30 nyuma na 27 mbele, nimetumia pampu ya mkono yenye saa. Tofauti sio ya kutafuta kwa tochi, changarawe ile ile iliyokua inanitetemesha meno nimepita natabasamu. Ila usishushe chini zaidi kama una tyubu ndani, ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu na kukutoboa matundu mawili sambamba. Ukiona matundu mawili jua sio mwiba, ni upepo mdogo.

Kuhusu miiba, Jumapili nilikwenda chini TPC, kwenye mashamba ya kiwanda cha sukari, kuzoeza mapafu tu, barabara za pembeni ya miwa ni tambarare, unanyonga mpaka uchoke mwenyewe. Miwa haina neno ila ukitoka kidogo tu kule kwenye migunga, miiba yake inapita tairi kama haipo. Dawa ya babu: anachana tyubu kuukuu kwa urefu, anaitandaza ndani ya tairi halafu tyubu nzima inakaa juu yake. Inaongeza uzito kidogo, sijali.

Mwezi wa 7

Baridi na mawingu, mlima haujaonekana wiki nzima. Tumehamia msitu wa Rau, ni karibu tu na mjini, unalipia kuingia, na kwa mtu anayeanza sijui sehemu nzuri zaidi ya hapo. Ni tambarare kwa hiyo hakuna kuogopa kuporomoka, ila chini kuna kila kitu kinachokutisha mlimani: mizizi, matope, matawi, kona za ghafla kwenye miti. Msitu wenyewe unaishi kwa maji ya ardhini ndio maana hata kiangazi kunakua na unyevu, na mizizi yenye unyevu inateleza balaa.

Kanuni ya mizizi: uivuke kwa kuikata, tairi liingie kwa pembe mraba, usiingie kwa ubavu maana litateleza kuufuata. Na ukiwa juu ya mzizi usifunge breki, usinyonge, acha ipite. Breki unafunga kabla, pale kwenye udongo. Inaonekana ndogo ila mwili unakataa kabisa, ukiona mzizi vidole vinabana vyenyewe. Kocha akawa anapiga kelele nyuma yangu ACHIA ACHIA ACHIA mpaka mbega juu ya mti wakahama.

Somo kubwa la Rau kwangu lakini lilikua macho. Baiskeli inakwenda unakotazama. Kuna kisiki pale karibu na njia ya kwenda kwenye ule mvule mkubwa, njia ni pana gari ndogo ingepita, na mi kila nikipita nakifuata kisiki, nakiangalia kisinigonge ndio nakwenda kukigonga. Kocha akasimama mbele zaidi, kulia kwa kisiki, akanyoosha vidole juu, akasema niambie ni vingapi. Nikawa nahesabu vidole, nikapita, kisiki sijui hata nilikipitia saa ngapi. Tangu hapo nikipata shida sehemu najiuliza kwanza natazama wapi, na mara nyingi jibu ni natazama kile kitu ninachokiogopa, sentimita hamsini mbele ya tairi, badala ya kutazama njia inapotokea.

Mwezi wa 8, mwanzoni

Kupanda. Sehemu hii sitaandika sana kwa sababu sio ya kufurahisha, ni miguu na mapafu tu. Nimekua napanda lami ya Mweka asubuhi za Jumamosi, mjini tuko mita 800 na kitu juu ya bahari, geti la hifadhi pale Mweka liko juu ya mita 1,600, na umbali ni kilomita kumi na kitu, piga hesabu mwenyewe. Nikipita wapagazi wanashuka kutoka mlimani wananipa pole.

Mambo mawili yamenisaidia. Gia badilisha kabla ya mlima, ukisubiri mpaka miguu imekaza cheni inalia na inaweza kuruka au kukatika. Na kwenye changarawe usisimame kunyonga, kaa, sogea kwenye ncha ya siti, inamisha kifua, shusha viwiko, ndio tairi la nyuma linabaki na uzito wa kushika na la mbele halinyanyuki. Ukisimama la nyuma linazunguka bure unabaki hapo hapo.

Wale vijana wanaoshusha mikungu ya ndizi sokoni kwa baiskeli za chuma, hazina gia, breki ni za vyuma virefu, mikungu mitatu nyuma, wananipita wakishuka na wananipita kesho yake tena. Sina la kusema, hao ndio wenye mchezo.

Mwezi wa 8, mwishoni

Kona. Nilidhani nazijua.

Kwenye lami unakata kona kwa kulala wote, wewe na baiskeli. Kwenye vumbi la mwezi wa nane ukifanya hivyo tairi linaondoka chini yako. Huku unailaza baiskeli peke yake, wewe unabaki wima juu yake. Mguu wa nje ya kona unazama chini na unaukanyaga kweli kweli, mkono wa ndani ya kona unasukuma usukani chini, kiuno kinaangalia unakokwenda. Spidi unapunguza kabla, ukishaingia kwenye kona breki zimeisha kazi. Tulizungusha chupa uwanjani namba nane mpaka nikapata kizunguzungu, halafu tukaenda kipande kimoja Kibosho chenye kona nne za kurudi zilizofuatana, katikati ya kahawa, tukashuka, tukasukuma kupanda, tukashuka, tukasukuma kupanda. Siku nzima kipande kimoja. Mama mwenye shamba lile akatuletea ndizi za kuchoma akasema wanangu, mmepoteza nini hapo?

Hii nayo niandike maana ni sehemu ya ujuzi ingawa hakuna anayeifundisha: hizi njia ni za watu. Sio njia za baiskeli, watu wanapita kwenda kuchota maji, kanisani, shuleni, na mama amebeba majani ya ng'ombe kichwani haoni pembeni. Tunafanya hivi, ukiona mtu unapunguza, unapiga kengele mbali, ukimkaribia mtu mzima unashuka kabisa, shikamoo, unampisha. Inakukatia mwendo, ndio. Lakini wiki ya pili watu walikua wanatuita kwa mbali piteni piteni wanangu. Watoto wao wananiita mzungu kwa sababu ya kofia na miwani, nikiwajibu Kichaga wanakimbia.

Mwezi wa 9

Mfongo. Kwa asiye wa huku, ni mfereji wa maji waliochimba wazee wetu kwa mikono kutoka mitoni juu kule, unakatiza vihamba na kunywesha migomba, mingine ilikuwepo kabla Mjerumani hajafika. Njia ya Uru inaikatiza kila mara, na upana wake mara nyingi ni hatua moja. Wiki ya kwanza tulikua tunaipita kwa kuzama na kutoka. Mzee mmoja akatusimamisha, hakugomba, alituonyesha tu pale tairi lilipomega ukingo, akasema hapa ukibomoka, wa chini wote leo hawapati maji na zamu yao ni leo. Tukaziba kwa mawe na udongo tukishirikiana naye, tukaomba radhi. Toka siku hiyo ni amri, mfongo unavushwa kwa kunyanyua gurudumu, au unashuka unabeba baiskeli.

Kwa hiyo kujifunza kunyanyua gurudumu la mbele. Nilikua nalivuta kwa mikono, linapanda kidogo linaanguka na mgongo unauma. Kumbe mikono haivuti. Unakua kwenye gia ya katikati, unajibonyeza chini kwanza viwiko vikunjike, halafu unarudisha kiuno nyuma mikono ikiwa imenyooka, wakati huo huo mguu wako wenye nguvu unakanyaga nusu mzunguko, gurudumu linapanda lenyewe. La mbele likishatua ng'ambo unasogeza uzito mbele ili la nyuma liwe jepesi lipite. Tulianza na fito chini, tu kuhesabu muda. Halafu kocha akaleta kitu ambacho nadhani kinastahili tuzo, gogo la mgomba. Mgomba uliokatwa ni laini, ukikosea tairi linazama kwenye gogo badala ya rimu kupinda, na magogo ya mgomba huku ni bure, kila kihamba kina yaliyolala. Mnene kabisa nimeuvuka mwisho wa mwezi. Gogo la kwanza lilibaki supu, tukampa ng'ombe wa shangazi.

Breki tena. Vumbi la mwezi wa tisa ni laini sana, linaingia kwenye mpira wa breki na kuusaga, mipira ya mwezi wa sita imeisha na rimu ina mikwaruzo. Sasa nafuta rimu kwa kitambaa kila nikirudi, na nachungulia mpira umebaki kiasi gani, kuna mistari imekatwa kwenye mpira, ikifutika ujue badilisha. Babu ameniwekea mingine na akaifunga kwa kuiinamisha kidogo, ncha ya mbele iguse rimu kwanza, makelele yote yakaisha.

Nikiulizwa na mtu mwenye hela kidogo aanze na nini nitasema matairi na breki, shokapu baadaye sana au asinunue kabisa. Kuna kaka mmoja tunakutana Rau ana baiskeli ya shokapu mbele na nyuma, inanesa vizuri, matairi yamekua kipara. Anaanguka kila kona.

Mwezi wa 10, wiki ya kwanza

Tumeshuka. Kutoka juu kule Uru, karibu na njia ya maporomoko ya Materuni, mpaka daraja la chini karibu na mjini. Alikuja kocha mbele, mi nyuma, na shangazi alikua getini kwake amesimama na majirani, ameshawaambia saa.

Niseme ukweli wa ilivyokua. Kipande cha juu kina mawe, nilikishuka taratibu, kisigino kimeshuka, makalio nyuma ya siti, kidole kimoja kimoja, breki ya mbele inapumua badala ya kubanwa moja kwa moja, na baiskeli inacheza chini yangu mi nimetulia juu yake. Hapo ndio nikaelewa zile chupa za uwanjani zilikua za nini, sikua nafikiria breki hata kidogo, nilikua na nafasi kichwani ya kutafuta njia. Kona za kwenye kahawa zote nimekata, moja nilitoka nje kidogo nikaingia kwenye masale ya mtu (ile mimea ya mpaka wa kihamba) nikarudi. Mifongo mitatu nimeivuka hewani, mmoja mpana nikashuka nikabeba maana kingo zake ni udongo mtupu. Mbele ya geti la shangazi nilipita kwa spidi, nikasikia anasema HUYOOO na sikumwangalia maana ningemwangalia ningemfuata.

Kuna kipande kimoja sikukiendesha. Chini ya lile kanisa, njia inashuka na mizizi imejipanga ngazi ngazi, kila ngazi kama goti, halafu mwisho wake kuna kona ya kulia na ukuta wa mawe. Kocha kapita. Mi nilisimama juu nikaangalia muda mrefu, nikashuka kwa miguu, na sijutii. Shida yangu pale sio kushuka ngazi, moja moja naziweza, shida ni kwamba ngazi ya mwisho inakuachia mita chache tu za kupunguza spidi kabla ya kona, na kwenye mizizi hufungi breki, sasa unafunga wapi? Kocha anasema kuna kisahani cha udongo katikati ya ngazi ya tatu na ya nne, upana wake ni urefu wa baiskeli, breki yote inafanyikia pale. Nilirudi kuangalia, kweli kipo.

Mwezi wa 10, katikati

Nimepima kile kisahani kwa hatua, nimekuja nimekichora kwa chupa uwanjani, umbali ule ule. Natakiwa niingie na spidi ya ngazi, nipunguze ndani ya urefu wa baiskeli moja, niachie kabla ya chupa ya pili. Leo nimefanikiwa mara nyingi kuliko nilizokosa ila kwenye tambarare, na babu anasema mipira hii ya breki isiende pale, anasubiri migumu zaidi kutoka Arusha.

Mawingu ya vuli yameanza kukusanyika upande wa Kibosho. Udongo wa Uru ukilowa unaganda kwenye breki za mpira mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, unatembea na kijiti unachokonoa. Kwa hiyo ni Jumamosi hii au mpaka Januari. Mipira ikifika Ijumaa tunakwenda, kocha atasimama pale kwenye kona ya ukuta wa mawe ananionyesha vidole nihesabu.

Kuna mtu kaniuliza vipi kuhusu mlima wenyewe. Hifadhini baiskeli zinaruhusiwa kwa njia ya Kilema, inakwenda kutokea Horombo kwenye mita 3,720. Kocha ameshaifika. Mi kwanza zile ngazi.